Anayelipa Pancha Ndiye Mwenye Baiskeli: Kisa cha Mwanafunzi wa Usangu

Mwezi Machi mkuu wa shule alituletea wajumbe wa bodi orodha ya wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaochelewa mara kwa mara. Shule ni ya kata, iko upande wa Ubaruku wilayani Mbarali, katika bonde la Usangu, na orodha za namna hiyo tumezizoea. Jina moja lilitushangaza. Msichana huyo alikuwa amefika Januari akiendesha baiskeli, mmoja kati ya wachache waliokuwa nayo, na wiki za mwanzo alikuwa akimkuta mlinzi bado hajafungua geti. Sasa alikuwa akiingia saa mbili na nusu, matope hadi magotini, na siku nyingine haonekani kabisa. Baiskeli haikuibwa wala haikufa. Ilikuwapo nyumbani kwao, inafanya kazi kila siku.

Bodi ilinituma mimi kuonana na wazazi kwa kuwa kitongoji chao nakifahamu. Ninachoandika hapa ni uchambuzi wa yaliyotokea katika kaya hiyo kuanzia Januari ile hadi mwaka uliofuata. Wamekubali niandike, majina nimeyaacha. Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu watoto wanaotembea mbali kwenda shule huishia kwenye maneno mawili, "wapewe baiskeli", na huyu alikuwa ameshapewa.

Kaya na baiskeli yao

Baba analima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, sehemu yake na sehemu ya kukodi. Mama anauza vitumbua asubuhi na mchele wa kupima jioni. Bibi mzaa baba anaishi nao. Msichana ndiye wa kwanza kuzaliwa, anafuatiwa na mvulana aliyekuwa darasa la sita, kisha kuna mdogo wa chekechea. Kutoka kwao hadi shuleni ni kama kilometa tisa. Sehemu kubwa ni barabara ya changarawe. Kipande cha kuingia kitongojini ni udongo mweusi wa majarubani, ule ambao mvua ikinyesha unang'ang'ania kiatu mpaka kichomoke. Kwa miguu ni karibu saa mbili. Kwa baiskeli, njia ikiwa kavu, haifiki saa nzima. Maana yake ni kwamba anayetembea anaondoka saa kumi na moja alfajiri, gizani, na mwenye baiskeli anaondoka kukiwa kunapambazuka. Mama yake aliitaja tofauti hiyo kabla ya kutaja masomo. Hofu yake ilikuwa giza, na vijana wa bodaboda wanaojitolea "lifti" kwa wasichana wenye sare.

Baiskeli ililetwa na mjomba, kaka wa mama, fundi magari Mwanjelwa pale Mbeya. Alinunua Phoenix nyeusi iliyotumika, ya matairi makubwa, yenye breki za vyuma na lile bomba la juu linalopita kati ya kiti na usukani, akaipakia juu ya Kosta. Siku ya kuikabidhi alisema mbele ya wote, "Shemeji, hii ni ya mpwa wangu, ya shule." Baba alishukuru. Hakuna aliyesema uongo siku ile, na jambo hilo ni la kuzingatia, kwa sababu majirani walishaamua kwamba baba ni mnyang'anyi.

Nilipofika, aliniambia bila kuona haya: "Mjumbe, mimi sijamnyima mtoto. Lakini baiskeli haili nyasi. Spoki nanunua mimi, tairi nimenunua mimi, fundi ananidai mimi. Sasa iwe ya nani?"

Kilichotokea kati ya Januari na Machi kilikuwa hivi. Kwenye miezi hiyo bei ya mchele hupanda, na wenye akiba ya mpunga huanza kuutoa ndani na kuupeleka kwenye mashine za kukoboa. Jioni, mtoto akisharudi, baba alianza kubeba gunia lake moja. Kisha la jirani, kwa malipo. Gunia moja unaweza kuendesha nalo, mawili unayasukuma. Baada ya wiki chache spoki za nyuma zikakatika, baba akalipa. Tairi ikapasuka ubavuni, baba akalipa. Kila alipolipa alihitaji siku moja zaidi ya kurudisha hela yake, na siku hiyo ilikatwa kwenye siku za shule. Fedha hizo hazikwenda kilabuni, kama ilivyovumishwa. Madaftari na viatu vya msichana vilitoka humo humo.

Hiki ndicho kiini cha kisa, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaokiona kama kisa cha baba mbaya. Zawadi ilitolewa mara moja, mbele ya watu. Matengenezo yalitolewa kidogo kidogo, kila wiki, na mtu mmoja. Kufikia Machi baba alikuwa ameweka kwenye baiskeli ile fedha inayokaribia thamani yake, na kwa hesabu ya kijijini aliyeweka fedha ndiye mwenye mali. Umiliki ulihama kupitia kwa fundi baiskeli, hatua kwa hatua, bila kikao.

Chombo kilichokuja na jinsia yake

Kuna swali ambalo bodi haikuliuliza: kwa nini mjomba, aliyetaka kumsaidia msichana anayevaa sketi ndefu ya shule, alinunua baiskeli ya kiume? Jibu lake lilikuwa fupi: "Hizo ndizo baiskeli." Ukizunguka Ubaruku, Rujewa au Igurusi utaona hajakosea sana. Lakini hali hiyo ina historia, na historia hiyo inaingia moja kwa moja kwenye mgogoro wa kaya hii.

Mashine ya kwanza ya magurudumu mawili inayohesabiwa kuwa mzazi wa baiskeli ilitengenezwa Ujerumani na Karl von Drais, akaionyesha Mannheim mwaka 1817. Ilikuwa ya mbao, bila pedeli. Mpandaji alijisukuma kwa miguu. Pedeli zilikuja Ufaransa miaka ya 1860, zikafungwa kwenye gurudumu la mbele. Ili kupata kasi, mafundi wakalikuza gurudumu hilo hadi likafika kifua cha mtu, na miaka ya 1870 baiskeli ikawa mchezo wa vijana wa kiume wenye fedha na wasioogopa kuvunjika shingo. Mwanamke wa gauni refu hakuwa na pa kukaa.

Mgeuko ulitokea Coventry, Uingereza, mwaka 1885. John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo pale Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo. Ndani ya miaka michache tu baiskeli ilikuwa imefanana sana na hii tunayoibishania Usangu; chukua Phoenix ya mjomba, mpelekee fundi wa mwaka 1900, ataitengeneza bila kuuliza.

(Tairi hilo la upepo lina deni lake Afrika. Mahitaji ya mpira yaliyopandishwa na baiskeli, na baadaye magari, ndiyo yaliyomfanya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji awakamue watu wa Kongo kwa mijeledi na kukatwa mikono. Wanaosimulia baiskeli kama chombo kisicho na dhambi huanzia mahali pazuri wanapopachagua wao.)

Baada ya Rover wanawake wa Ulaya na Marekani walipanda kwa wingi, na watengenezaji wakawatolea fremu isiyo na bomba la juu ili gauni lipite. Mwaka 1896 Susan B. Anthony, mpigania haki za wanawake wa Marekani, alimwambia mwandishi Nellie Bly kwamba baiskeli imefanya zaidi ya kitu kingine chochote duniani kumkomboa mwanamke. Wakati huo huo walikuwapo madaktari walioonya kuhusu "uso wa baiskeli", ugonjwa wa kubuni uliosemekana kumkaza mwanamke taya na kumtoa macho. Nilipomsikia bibi wa msichana wetu akisema kwamba mtoto wa kike akikalia kile kiti "ataharibika", sikumwona mshamba. Wasomi wenye vyeti walishasema mabaya zaidi.

Lakini maneno ya Anthony yana sharti ambalo mara nyingi linaachwa. Mwanamke aliyemzungumzia alikuwa na baiskeli yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 baiskeli nzuri Marekani iliuzwa kama dola 100, fedha ambayo kibarua hakuishika kwa mwezi mmoja, na waliomudu kwanza walikuwa wake na mabinti wa watu wenye uwezo, ambao hawakugombea chombo hicho na gunia la mpunga. Bei iliposhuka mwishoni mwa muongo ndipo wafanyakazi wa kawaida wakaingia.

Huku kwetu mpangilio ulikuwa mwingine. Baiskeli iliingia nyanda za juu kusini ikiwa mshahara wa mwanamume. Chini ya Waingereza, waliokuwa nayo ni tarishi, mwalimu, katekista, karani wa boma. Kisha wakaja waliotoka kutafuta kazi: Wanyakyusa, Wakinga, Wabena waliokwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1930, kwenye mashamba ya mkonge, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na wengine hadi Afrika Kusini. Aliyerudi na Raleigh, baiskeli ya Kiingereza, hakuhitaji kueleza kama alifanikiwa. Fremu zilizoletwa zilikuwa za wanaume kwa sababu wenye mshahara walikuwa wanaume.

Kizazi kilichofuata kiliongeza chuma, hakikubadilisha umbo. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na sehemu ya gharama zake za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina kwenye maduka ya Tanzania na Zambia. Shamba kubwa la mpunga la Mbarali nalo liliwekwa kwa msaada wa China katika muongo huo huo. Phoenix ya Shanghai ikawa baiskeli ya kawaida hapa, sambamba na Swala yetu iliyotoka Dar es Salaam, kisha zikaja za Kihindi. Zote nzito, zote za kubeba.

Na hapa bondeni kulikuwa na sababu ya ziada. Kwenye ardhi tambarare na ngumu, nguvu anayotumia mtu kutembea inampeleka mara tatu hadi nne ya mbali akiwa juu ya baiskeli. Mlima ukianza, faida hiyo inakwisha. Panda barabara ya Chimala kwenda Matamba, ile ya kona 57, na baiskeli yenye mzigo inakuwa kitu cha kusukuma tu, kinachofaa wakati wa kurudi. Ndiyo maana Usangu na Kyela zimejaa baiskeli, na Tukuyu unaziona zikishuka na ndizi huku mwenyewe kakaza breki. Mjomba yuko sahihi kwamba "hizo ndizo baiskeli". Bonde lilichagua ya mzigo, na aliyebeba mzigo ndiye aliyechagua.

Makubaliano ya kwanza

Nikarudi na mjomba mwezi Aprili. Tukakaa nje, baba, mama, bibi, mjomba na mimi. Msichana alileta viti, akatuamkia, akaambiwa akae naye. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa chochote. Alisema jambo moja tu, kwamba bomba la juu linamsumbua: lazima aipande kwa kuinua mguu kupita nyuma ya kiti, na sketi hunasa, anavaa suruali ya michezo kwa ndani. Wanaume tuliona ni dogo, tukaendelea.

Tulikubaliana Jumatatu hadi Ijumaa baiskeli iwe ya shule, Jumamosi na Jumapili iwe ya mpunga. Ilionekana haki. Haikumaliza mwezi.

Ni vizuri kueleza kwa nini, maana mkataba wa namna hii ndio unaopendwa na kila msuluhishi. Baiskeli za mtindo huu nyingi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Za nyuma ndizo zinazobeba, na zile za upande wa friwili (gia ya nyuma inayoshika cheni) hukazwa zaidi kuliko za upande wa pili ili rimu ikae katikati, kwa hiyo zinaanza kukatika hizo. Kuzibadilisha lazima friwili ifunguliwe kwanza. Si kazi ya dakika tano barabarani. Ikikatika moja na mtu akaendelea kubeba, rimu inapinda, breki inagusa upande mmoja, spoki jirani zinafuata. Sasa weka gunia Jumamosi na Jumapili juu ya gurudumu hilo. Uharibifu unatokea Jumapili jioni. Fundi anafungua Jumatatu saa mbili. Mwanafunzi anahitaji baiskeli Jumatatu saa kumi na mbili kasoro. Siku tulizigawa sawasawa, ila gurudumu halikugawanyika: mmoja alilipinda, mwingine akakosa usafiri.

Fundi baiskeli wa pale sokoni alikuwa ameliona hilo kabla yetu. Aliniambia anaweza kutaja ni baiskeli zipi za wanafunzi ambazo baba zao hubebea mpunga, kwa kuangalia tu gololi za nyuma na koni zilivyolika. Nilimuuliza ni ngapi kati ya hizo zinazofika shuleni mfululizo. Akacheka.

Kubadilisha fremu

Suluhisho lilitoka kwa mjomba, likizo ya Juni, alipokuja kwenye mavuno. Nadhani alikuwa amelifikiria lile neno la msichana kuhusu bomba la juu. Aliichukua Phoenix hadi kwa fundi, akabadilishana na baiskeli ya kike ya mtumba kutoka Japani, ile yenye kikapu mbele na fremu iliyoinama katikati. Phoenix ina soko zaidi bondeni kwa sababu inabeba, kwa hiyo fundi ndiye aliyeongeza fedha juu. Mjomba hakuitia fedha hiyo mfukoni, wala hakumpa shemeji yake. Alimpa dada yake aiweke kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na akasema itumike kwa jambo moja: pancha, tyubu, tairi na spoki za baiskeli ya mtoto.

Hatua hizo mbili zinafanya kazi kwa njia tofauti, ni vyema zisichanganywe.

Fremu kwanza. Fremu ya kiume ni pembetatu mbili zilizoshikana, na pembetatu haipindi kirahisi. Ukiondoa bomba la juu, pembetatu moja inafunguka na fremu inaanza kujisokota mzigo ukizidi. Weka gunia kwenye keria ya baiskeli ya kike na utaisikia ikiyumba kama inataka kwenda njia yake. Baba alijaribu mara moja, akarudi akiisukuma. Kuna na jambo ambalo hakulisema ila kila mtu alilijua: mwanamume mzima kuonekana mashineni na baiskeli ya kikapu si jambo jepesi pale. Umbo lililobuniwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita ili gauni la mwanamke wa Kizungu lisinase, huku limekuwa kufuli. Linamlinda msichana kuliko ahadi ya mtu yeyote, kwa kuwa linaifanya baiskeli isiwe na faida kwa anayeitamani.

Fedha ya matengenezo ni jambo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa. Tangu Juni ile baba hajalipa pancha hata moja, kwa hiyo hana dai. Mlango uliompitisha kwenye umiliki umefungwa bila kumtukana. Fundi sasa anamdai mama, na mama anatoa kwenye kisanduku chenye jina la kazi hiyo.

Baiskeli za Japani zina tabu yake. Nyingi huja na breki za ngoma na giya za ndani ambazo spea zake hupati Ubaruku, labda Mbeya, labda usipate. Fundi alizing'oa akafunga friwili ya kawaida na breki za waya. Matairi yake ni madogo na membamba kuliko ya Phoenix, yanazama zaidi kwenye mchanga. Si baiskeli bora, ni baiskeli isiyogombaniwa.

Nani alipoteza

Ripoti ya aina hii hupenda kuishia kwenye mahudhurio, na kweli yalipanda: muhula wa pili jina la msichana halikurudi kwenye orodha ya mkuu. Lakini kaya ilipoteza kipato. Baba alikosa fedha ya kubebea majirani, na mpunga wake mwenyewe sasa anaupeleka kwa tela la pawatila (trekta dogo la mkono), kwa kulipa. Mwaka ule walikodi eneo dogo zaidi. Mama anasema wazi kwamba bei hiyo waliilipa, na kwamba kaka yake na wajumbe wa bodi hawakuchangia.

Kwa upande mwingine, mama mwenyewe alianza kuipanda. Hakuna aliyepanga hilo. Jumamosi baiskeli inakuwa bure, haina bomba la kurukia, anavaa kitenge chake na kupanda. Alijifunza nyuma ya nyumba, binti akishikilia kiti, bibi akigeuza uso. Sasa mchele wake wa kupima anaupeleka kwenye kikapu hadi mnadani, kilo chache kila safari, badala ya kumsubiri mnunuzi mlangoni amtajie bei. Hata hivyo nisikuze: ni siku moja kwa wiki, na akirudi kazi za nyumbani zinamsubiri zile zile.

Mvua bado hazijapatiwa jibu. Mwaka wa shule unaanza Januari, katikati ya masika ya Usangu, wakati udongo mweusi unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Waling'oa madigadi, inasaidia kidogo, na mgongo wa sare unabadilika rangi. Wiki mbaya kabisa msichana hulala kwa shangazi yake karibu na shule. Asiye na shangazi hapo atapanga chumba na wenzake, na kila mjumbe wa bodi anajua vyumba hivyo vina hatari gani. Tangu Novemba 2021 serikali, kwa waraka, inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani, na hilo ni jema, lakini mama huyu anataka binti yake asihitaji kuutumia waraka huo.

Wengine walifanyaje

Bihar, India, mwaka 2006, serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipochunguza mpango huo walikuta uandikishaji wa wasichana wa umri huo umepanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Faida ilikuwa kubwa zaidi vijiji vilivyo kilometa tatu au zaidi kutoka shule. Zambia, jirani zetu wa Tunduma, shirika la World Bicycle Relief liligawa baiskeli mashuleni, wasichana wakipewa kipaumbele, na uchunguzi uliolinganisha shule zilizopata na zisizopata ulionyesha muda wa njiani umepungua kwa karibu theluthi na utoro kwa zaidi ya robo.

Ukisoma takwimu hizo peke yake utasema, basi, tununue baiskeli. Mimi niliangalia mpangilio uliozizunguka. Bihar msichana alipewa kwa jina lake, katika mpango ambao kijiji kizima kiliufahamu, na wasichana wengi walianza kupanda kwa wakati mmoja, hivyo hakuna bibi aliyebaki na mmoja wa kumsema. Zambia familia iliweka sahihi kwamba baiskeli ni ya masomo hadi mwanafunzi amalize, kamati ya kijiji ikasimamia, na mafundi wa kuzitengeneza wakafundishwa. Kwa maneno mengine, wote walilishughulikia lile lililoiangusha kaya yetu Februari: nani anasemwa kuwa mwenye chombo, na nani anakitengeneza.

Mimi ningeongeza moja ambalo sikuliona likisisitizwa: aina ya fremu. Baiskeli za misaada husifiwa kwa kubeba mizigo mizito, na kwa mfanyabiashara wa maziwa au mhudumu wa afya hiyo ni sifa. Kwa msichana wa kidato cha kwanza katika nchi ya mpunga, uwezo wa kubeba gunia ndio unaomwondolea baiskeli.

Pia kuna mabadiliko yanayotusaidia bila sisi kuyapanga. Tangu pikipiki ziruhusiwe rasmi kubeba abiria kwa kanuni za 2010, vijana wa kiume wa bondeni wameiona baiskeli kuwa umaskini. Anayetafuta heshima anatafuta Boxer. Chombo kikikosa heshima kwa wanaume, wanawake na watoto hukipata kwa urahisi zaidi. Si ukombozi wa kupigiwa makofi, lakini ni nafasi.

Ilivyo sasa

Mdogo wa kiume wa msichana yuko darasa la saba na Januari anatarajiwa shule ile ile. Ameshaomba apakiwe kwenye keria ya dada yake. Fundi amekataa kata kata: watu wawili kila siku kwenye fremu ile, spoki hazitamaliza muhula. Baba ameanza kuulizia bei ya Phoenix nyingine, safari hii ya kwake na mvulana. Mama amekubali kwa sharti kwamba kabla haijaingia ndani iwe na fungu lake la spea, na kwamba asisikie mtu akigusa la kwenye VICOBA.

Nilipeleka mapendekezo matatu kwenye bodi. Mwanafunzi mwenye baiskeli aandikwe kwenye daftari la shule pamoja na namba ya fremu, mzazi aweke sahihi. Shule iweke banda lenye kufuli, na walimu waache kuazima baiskeli za wanafunzi kwenda dukani saa za vipindi. Na kila mzazi wa mtoto mwenye baiskeli aweke akiba ndogo ya matengenezo kwa mhasibu wa shule kila muhula. Mawili ya kwanza yalipita, la walimu kwa minong'ono. La tatu lilikataliwa na wazazi wenyewe, waliosema tangu ada ifutwe mwaka 2016 wamechoka kusikia neno mchango. Nitalirudisha Oktoba, fedha zikae kwa akina mama badala ya kwa mhasibu.